Chipuseti Iliyonukia Ubani

Asanteni kwa jokofu mlilonipa siku ya kuniaga. Kabla sijaweka ndani yake hata chupa ya maji, nililigeuza nikaukagua mgongo wake, nikakuta waliolisafirisha wameacha nailoni nyuma, imeziba njia yote ya hewa. Mume wangu akasema, "Umestaafu juzi tu, Mama Hidaya. Hebu liache jokofu la watu." Nikamwambia likikosa hewa litatufia kabla ya Idi, halafu atakula futari iliyochacha. Ndivyo nilivyo, na ninyi vijana wa karakana mmenivumilia hivyo hivyo.

Mkuu wa kitengo ameniomba niwaandikie machache mnaobaki. Nadhani alitaka historia ya kitengo. Historia hiyo imo kwenye mafaili: nani alipanda cheo, nani alihamishwa na nani aligombana na nani. Mimi nitawaandikia kuhusu joto, maana ndilo nililopigana nalo muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kugombana naye kazini, na mnajua sikuwa mtu wa kugombana na wachache.

Niliingia ofisini kama mpiga chapa. Nilipewa taipureta kuukuu ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa inakwama, na wakati ule hapa Kibiti tulikuwa bado chini ya Rufiji, kwa hiyo mnaweza kufikiria barua zilivyokuwa zikitoka. Fundi alikuwa Dar es Salaam, akija kwa msimu kama mvua za vuli. Siku moja nilichoka. Nikatandika gazeti sakafuni, nikaifungua ile mashine kwa kisu cha kukatia embe, nikaisafisha kwa mswaki na mafuta ya cherehani. Bosi akaingia akanikuta nimezungukwa na vyuma vidogo vidogo. Akageuka, akatoka. Nikajua kazi imekwisha. Kesho yake asubuhi nikakuta juu ya meza yangu taipureta ya idara ya pili, na karatasi imechomekwa: "Hii nayo haishuki mstari." Basi nikawa fundi, bila barua yoyote ya kuniambia hivyo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbonde, fundi redio wa Ikwiriri. Ofisi ilinipeleka kwake nikajifunze kuchomelea waya kwa risasi. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakupenda kuulizwa swali akiwa ameshika kifaa. Lakini alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja: hafungui mashine ya mtu kabla hajamwuliza mwenyewe anaishi nayo vipi. Siku moja mama mmoja alileta redio inayokufa kila jioni na kufufuka asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshashika bisibisi. Mzee Mbonde akanipiga kofi la mkono, akamgeukia yule mama.

"Mnaiweka wapi?"

"Kwenye kibao, mzee. Watoto wasiifikie."

"Na jiko lako lipo wapi?"

Yule mama akacheka. Jiko lilikuwa chini ya kibao. Redio haikufunguliwa siku ile. Alirudi nayo nyumbani akiwa na ushauri wa kuhamisha kibao, na Mzee Mbonde akanigeukia mimi kama vile nimemkosea yeye. "Wewe ungeifungua," akasema. Alikuwa sahihi, ningeifungua.

Kompyuta ya kwanza tuliyoipokea ilitoka makao makuu ya wilaya, ng'ambo ya mto, enzi za kivuko cha Ndundu, kabla ya daraja. Ilikuwa kwenye boksi zuri lililoandikwa maneno ya onyo pande zote, na katika kivuko mtu mmoja mnene alilikalia boksi lile mpaka tunafika, akila miwa. Nilipomwambia ndani mna mashine ya serikali, akasema na yeye ni raia. Iliwaka, alhamdulillahi, na ikafanya kazi miaka mingi kuliko nyingi zilizokuja baadaye kwa heshima.

Mashine hizi zilitengenezwa na watu wanaovaa masweta. Zikija kwetu zinakuta paa la bati, dari la ubao laini na jua la Januari, halafu zinakutana na sisi. Nimekuta kompyuta imefunikwa kitambaa cha kudarizi huku inafanya kazi, kwa kuwa ni kitu cha thamani na kitu cha thamani hufunikwa. Nimekuta iliyosukumwa ukutani mpaka feni ya nyuma inapuliza chokaa. Nimekuta nyingi zilizovuliwa ubavu ili "zipate hewa", na hapo nawaomba mnisikilize vizuri. Kasha likiwa wazi, hewa haina njia. Inazubaa tu. Kasha likifungwa, feni ya mbele inavuta, ya nyuma inatoa, na hewa inalazimika kupita palipo na moto. Nimelisema hili katika kila ofisi ya wilaya, na nina hakika leo mchana kuna mtu anaivua kompyuta yake ubavu.

Zana zangu mnazijua: brashi ya rangi ya inchi moja, pampu ya baiskeli kabla hatujapata blowa, bomba la sindano lenye pesti ya kupitishia joto, na kapu la ukili lililojaa feni nilizozichomoa kwenye kompyuta zilizokufa. Mlikuwa mnalicheka lile kapu. Nimewaachia, lipo juu ya kabati.

Sasa niwape kesi iliyonitoa jasho kuliko zote. Ilinipata katika miaka yangu ya mwisho, huko deltani, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Ukitoka Nyamisati kwa boti ukapita vijito vya Maparoni unafika. Kituo kilikuwa kimepewa mashine ya kumtazama mtoto tumboni. Haikuwa mpya. Ilikuwa kompyuta ya kawaida ya mezani, na ndani yake kadi maalumu iliyounganishwa na kile kifaa cha kupitisha juu ya tumbo. Programu yake ilikuwa imefungwa kwa mazabodi ile ile, ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya ndani. Ukibadilisha mazabodi, inakataa kufunguka, na waliokuwa wakiitengeneza walishaacha kuitengeneza.

Nesi wa pale, Mwanaidi, alinipigia simu.

"Shikamoo, Mama Fundi. Mashine yangu inazima mama akiwa kitandani."

"Marahaba. Inazima ghafla?"

"Picha inaganda kwanza, inakuwa mistari mistari, halafu kimya. Nikiiacha mpaka tumekula mchana, inawaka tena yenyewe vizuri kabisa."

Mashine inayopona baada ya chakula cha mchana inaumwa joto. Nilifunga kapu langu nikaenda.

Prosesa haikuwa na tabu, feni yake ilizunguka vizuri. Aliyekuwa anaungua ni jirani yake wa chini, chipuseti, ile chipu inayopokea na kupeleka mawasiliano yote kati ya prosesa, kadi na diski. Kwenye mazabodi ile haikuwa na feni. Ilikuwa imevishwa kipande cha alumini chenye mapezi mengi membamba, na hewa inatakiwa ipite katikati ya mapezi ichukue joto. Niliweka mgongo wa kidole nikauondoa haraka. Pesti chini yake ilikuwa imekauka kama chokaa, na mguu mmoja wa plastiki unaokishikilia kile kipande ulikuwa umevunjika, kwa hiyo kimekaa upande. Nikasafisha, nikatia pesti mpya, nikakifunga kwa skrubu na springi ya kalamu, nikapuliza vumbi. Mashine ikafanya kazi siku nzima. Nikarudi Kibiti najisikia fundi.

Haukupita muda mrefu, Nesi Mwanaidi akapiga tena. Safari hii nikachukua feni ndogo kutoka kwenye kapu nikaifunga kwa waya moja kwa moja juu ya chipuseti. Mnajua wenyewe kwamba hiyo ndiyo dawa ya kitabuni. Nikarudi nyumbani. Safari hii ikafa mapema zaidi kuliko mwanzo.

Nilipokwenda mara ya tatu nilikuta feni yangu imesimama kabisa. Mabawa yake yalikuwa yananata, na katikati ya mapezi kulikuwa na kitu cheusi kama blanketi, si vumbi la kupeperuka. Blowa haikuweza kukitoa. Ilibidi nikikwangue kwa kijiti, nikafunga feni nyingine mpya. Nikamwambia Nesi Mwanaidi chumba chake kina uchafu.

"Chumba hiki kinadekiwa kila siku, Mama Fundi," akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Njoo ulale sakafuni uone kama utaamka na doa."

Nilimwona amechoka, nikamwuliza kuna nini. Akaketi juu ya kitanda cha wagonjwa, akaniambia. Mratibu wa mradi uliotoa mashine alikuwa amepiga simu. Kulikuwa na kituo cha bara, chenye umeme wa gridi, kilichokuwa kinaiomba. Atakuja na boti siku ya kliniki inayofuata. Akiikuta inafanya kazi, ataiacha. Ikizima mbele yake, ataifunga aondoke nayo.

"Simlaumu," akasema. "Mashine isiyowaka haimsaidii mtu. Lakini kabla haijaja, niliwahi kumsindikiza mama kwa boti mpaka Nyamisati, mkono wangu juu ya tumbo lake, sijui kilichokuwa ndani kimekaaje. Nilikuwa nakisia tu, naomba Mungu. Mie kule sitaki kurudi."

Nilimwambia nitabaki pale kwake mpaka siku ya kliniki, na anipe godoro.

Usiku ule nilimkumbuka Mzee Mbonde, Mungu amrehemu, na lile kofi lake la mkono. Nilikuwa nimeifungua ile mashine mara tatu na sijamwuliza mtu hata mara moja anaishi nayo vipi. Asubuhi nikachukua kiti, nikakaa pembeni ya chumba, mikono mapajani. Nikaiwasha mashine peke yake ipate moto. Ilipopata moto, nikasikia harufu. Kwanza nilidhani ni kanga yangu. Nikainama karibu na mapezi ya chipuseti. Ilikuwa inanukia kama chumba cha bibi harusi.

Nikiwa bado nimeinama hivyo, mlango ukafunguliwa akaingia Bi Sharifa. Huyu ndiye mhudumu wa kituo, mtu mzima kuliko mimi, mwenye funguo zote na amri zote. Mkononi alishika chetezo, makaa yamekolea, ubani unafuka. Alipita chini ya kitanda, nyuma ya pazia, kwenye pembe zote, akisoma alichokuwa akikisoma. Halafu akaja kwenye kompyuta, ambayo Nesi alikuwa ameivua ubavu ili ipate hewa, akakishikilia chetezo pale pale kwenye uwazi, kwa utulivu, muda mrefu kuliko kwingine kote. Na ile feni mpya niliyokuwa nimeifunga jana, kazi ya mikono yangu, ikawa inavuta ule moshi wote kwa nguvu zake zote, inaupeleka moja kwa moja kwenye mapezi.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bi Sharifa akaniangalia kama mgonjwa mpya.

"Una nini, mwenzangu?"

"Bi Sharifa, hii mashine unaifukiza kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Na Ijumaa naiongezea udi."

Nesi Mwanaidi alipoelewa hakucheka. Alimgeukia Bi Sharifa, akasema kwa adabu lakini kwa haraka, "Bibi, kuanzia leo ubani humu ndani basi. Ndio unaoua mashine."

Bi Sharifa akakiweka chetezo chini. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, wewe umesahau. Ilipoletwa hii mashine, benchi lile lilikuwa tupu. Wewe ulikaa humu na koti lako jeupe, na wenye mimba wakapita kule mbele wanakwenda zao. Walisema nini? Walisema kitu kinachomwona mtoto kabla hajazaliwa hakikosi jicho. Nani atakubali mtoto wake aonwe na kila mtu kabla mama mwenyewe hajamwona? Nikaanza kufukiza. Nikaifukiza mashine yenyewe kwanza, mlango wazi, waone. Ndipo wakaingia. Leo unaniambia basi. Sawa. Mashine yako itapona, nawe utakaa nayo peke yako."

Nesi akanitazama mimi, mimi nikatazama kapu langu. Alikuwa anasema kweli, na Nesi alijua. Ubani ulikuwa umewaleta wazazi, na ubani huo huo ulikuwa unaiziba mashine. Kuna mafundi ambao hapo wangeandika ripoti, "matumizi mabaya ya kifaa", wakapanda boti. Mimi niliona aibu hata kulifikiria. Yule mama alikuwa ameitunza mashine ile kwa kitu bora alichokuwa nacho.

"Fukiza, Bi Sharifa," nikasema. "Kazi yangu ni kuifanya isivute hewa ya humu ndani."

Hapa vijana someni polepole, maana ndiyo kazi yenyewe. Nilirudisha ubavu wa kasha nikaufunga. Feni ya mbele nikaigeuza kinywa: badala ya kuvuta hewa ya chumbani, nikaivika bomba la plastiki la maji taka, lile nene la kijivu, lililokuwa limebaki walipojenga choo cha kituo. Bomba likapita chini ya meza likatokeza nje dirishani. Kwenye mdomo wake wa nje nilifunga vipande vya chandarua kilichochanika, vikipandana, vizuie vumbi na wadudu. Ndani ya kasha nilikata kopo la maziwa ya unga nikalikunja kama mfereji, ili hewa inayoingia isitawanyike bali ielekezwe kwenye mapezi ya chipuseti kwanza. Halafu matundu mengine yote ya kasha nikayaziba kwa utepe wa gundi, isipokuwa ya nyuma. Sababu yake ni hii: ukisukuma hewa nyingi ndani kuliko inayotoka, hewa itakuwa inapenya kutoka ndani kwenda nje kwenye kila upenyo, na moshi hauwezi kuingia mahali ambapo hewa inatoka. Mapezi yenyewe niliyachemsha kwenye sufuria kwa sabuni ya unga mpaka yakarudi rangi yake. Chumba kizima cha jikoni kwa Nesi kikanukia harusi.

Nilikuwa nimeutoa mdomo wa bomba upande wa baraza, kwenye kivuli, naona nimefanya jambo la akili. Bi Sharifa akaja, akalitazama bomba, akanitazama mimi.

"Na mie nilikuwa nimeshaamua," akasema. "Wewe umesema nifukize, lakini mashine hiyo sitaki ife kwa mkono wangu. Nitawafukiza wazazi wenyewe hapa barazani, kabla hawajaingia. Kila mmoja chini ya kanga yake. Aingie na ulinzi wake mwilini. Sasa hilo bomba lako umelielekeza pale pale nitakapokaa na chetezo changu."

Tulihamisha bomba upande wa nyuma, kunakotoka upepo. Yeye alishika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukibishana njia nzima.

Siku ya kliniki mratibu alifika mapema. Alikuwa kijana mstaarabu, aliyetuamkia wote na kukubali chai. Vijana wa boti wakapandisha makasha mawili ya mbao na sponji nene ya kufungia mashine, wakaviweka chini ya dirisha. Nesi Mwanaidi aliviona, akaendelea kuosha mikono.

Benchi lilijaa. Barazani Bi Sharifa alikuwa na chetezo, kila mama anasimama, anakunjua kanga, moshi unampanda, anaingia chumbani akiwa ametulia. Wengine walitaka kufukizwa mara mbili, akawafukuza. Mashine ilifanya kazi. Mratibu alikaa kwenye kiti changu pembeni, saa mkononi, na mimi nilisimama nyuma ya kasha, mkono wangu umetegeshwa pale hewa inapotokea. Hewa ilikuwa vuguvugu. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wengi, lakini siku ile nilimwogopa kijana mwenye saa, na sioni haya kuwaambia.

Adhuhuri ikapita. Bati la paa likaanza kulia kwa joto. Ndiyo saa ambayo mashine ile ilikuwa ikifa siku zote, na mratibu alijua, maana alikivuta kiti akasogea karibu. Benchi lilikuwa limebaki tupu. Nilianza kupumua. Hapo akaingia mwanamke mmoja mdogo, Somoe, matope yamemkaukia miguuni, amefuatana na mama mkwe wake. Walikuwa wametoka kwenye mashamba ya mpunga mbali, wamechelewa kwa sababu ya maji kupwa. Mimba ilikuwa kubwa, imebakiza siku zake chache. Kliniki zote zilizotangulia hakuwahi kuja. Bi Sharifa akamfukiza, akamshika mkono akamlaza mwenyewe.

Nesi Mwanaidi akapitisha kile kifaa juu ya tumbo. Akasimama. Akarudia. Uso wake haukuonyesha kitu, lakini mkono ulikuwa unakwenda polepole sana. Kioo hakikutikisika. Nilihisi hewa ya nyuma inazidi moto, nikaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya kipande cha alumini. Akapima huku, akapima kule, akaniambia bila kugeuka, "Mama Fundi, usiiache izime." Nikamwambia haizimi. Sikuwa na uhakika wowote.

Ilidumu. Nesi alipiga picha ya kioo kwa simu akaituma kwa daktari hospitalini, akatoka nje kuzungumza naye. Aliporudi alimwinamia Somoe, akamweleza kwa upole, na mama mkwe akisikia. Mtoto mzima, moyo unapiga vizuri. Lakini amelala kukingama, na kondo la nyuma limeshuka chini, limeziba njia. Akianza uchungu hapa kisiwani atatoka damu nyingi. Anatakiwa afike hospitali leo, kabla uchungu haujaanza, akafanyiwe upasuaji.

"Leo kwa boti gani?" mama mkwe akauliza. "Maji yamekupwa, na mashua ya kwetu haina mashine."

Kila mtu alikuwa anaijua boti iliyokuwa imeelea kwenye maji ya kina, ina mafuta ya kutosha, inasubiri mzigo. Mratibu alikuwa bado anakitazama kioo, ambapo mtoto wa Somoe alikuwa amelala kukingama, picha safi, haina mstari hata mmoja. Akainuka. Akatoka nje, tukamsikia anawaambia vijana wake watoe sponji waitandike botini.

Bi Sharifa alikwenda na Somoe, amemlaza kichwa mapajani mwake. Nesi Mwanaidi alikwenda pia, safari hii akijua mkono wake umekaa juu ya nini. Boti haikuwa na nafasi zaidi, kwa hiyo mratibu alibaki nasi. Aliketi na mama mkwe barazani. Baada ya isha simu ikalia, Nesi yuko hospitali. Mtoto wa kike, mama mzima. Mama mkwe akalia kwa sauti, nami nikalia, na mratibu akatoka uani kwa muda.

Boti ikarudi kumchukua kesho yake. Makasha yake hakuyapandisha, alisema hana cha kutia ndani. Mara yangu ya mwisho kupita pale, Bi Sharifa alikuwa ameyaweka barazani karibu na kiti chake, moja la makaa, la pili la ubani.